Maneno Yenye Mkono Ndani Yake

Nyumbani kwa Honma,
Murakami, Niigata,
Japani.
8 Septemba 2024

Mpendwa dada yangu Subilaga,

Mugonile, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti la mama linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia anashuka mpaka kwenye migomba na fimbo, halafu anarudi na mkungu kichwani, nikashindwa kujua nicheke au nimpigie simu nimgombeze. Na baridi ya Tukuyu imewaachia kidogo? Sisi hapa tumetoka kwenye joto la kuchemsha ubongo, na sasa upepo wa jioni umeanza kuwa na adabu. Mpunga umeshainamisha vichwa. Shunji anakohoa kidogo tu, mimi nina nguvu zangu zote, na baba mkwe ndiye mwenye barua hii, kwa hiyo habari zake utazipata humu ndani.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Uliniuliza, huku unacheka, kama aliyoyasema mwanao Tumpe ni kweli, kwamba mama mdogo wa Japani amerudi darasa la kwanza na mvi zake. Ni kweli, dada. Ninasoma kitabu chenye sungura kwenye jalada, na kuna kurasa ambazo sungura anajua kuliko mimi. Nimeamua kukujibu kwa karatasi kwa sababu kuna vitu nataka kukuchorea, na kwenye simu kidole changu ni kinene.

Unakumbuka nilikuambia mwezi wa pili kwamba mzee Yasuzo, baba yake Shunji, amepatwa na kiharusi. Nilikuambia kwa kifupi kwa sababu wakati ule hata mimi sikuelewa tulichopata. Mkono wa kulia ulilala, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, na maneno yakaondoka. Yalibaki mawili matatu yanayofanana, ambayo kwetu yangekuwa "hicho." Ukimuuliza ana njaa, "hicho." Ukimuuliza anaumwa wapi, "hicho, hicho, hicho," mpaka machozi yanamlenga kwa hasira.

Na mzee huyu hakuwa bubu wa maneno, wala hakuwa mpole. Maisha yake yote alitengeneza tatami, ile mikeka minene tunayokalia sakafuni, na alikuwa na ulimi mkali kama sindano zake. Wiki ya kwanza niliyopika supu katika nyumba hii aliionja, akaiweka chini, akamuuliza Shunji, "Hii tunakunywa au tunaoga?" Nililia chooni siku ile. Baadaye niligundua kwamba asiowapenda huwa hawatanii kabisa.

Shunji alinunua ubao wenye herufi zote ili mzee awe anaonyesha kwa kidole cha kushoto. Mzee aliuangalia ule ubao kama mtu anavyoangalia mchanga. Akausukuma. Tulipomrudishia aliutupa chini. Jioni hiyo Shunji alisimama jikoni, mgongo kwangu, akaosha kikombe kimoja kwa muda mrefu sana.

"Tuse," akaniambia, "baba amekwisha. Mwili tumerudishiwa, mwenyewe hayupo."

Mimi sikukubali. Mchana nilikuwa nakaa naye peke yangu, na nilikuwa naona macho yake. Nikivunja kitu, macho yale yanacheka. Nikikunja shuka vibaya, yananisema.

Sasa hapa lazima nikueleze jambo moja, vinginevyo hutanielewa. Wenzetu hawa wana maandishi ya namna mbili, na wanayachanganya katika mstari mmoja kama maharage na mahindi kwenye kande. Kuna herufi za sauti, kama zetu, ukizijua unasoma chochote hata usipokielewa. Halafu kuna alama za maana, zinazoitwa kanji. Alama moja, jambo moja: maji, mbwa, mwezi. Hizo ni nyingi mno, watoto wanazisoma mpaka wanaota ndevu. Mimi nimekaa hapa miaka kumi na minane, Kijapani nakisema hata usingizini, na zile herufi za sauti nazisoma vizuri. Hizi alama nilijua za stesheni, za choo cha wanawake, na za bei kupunguzwa. Karatasi nyingine zote alisoma Shunji.

Mwezi wa tano akaanza kuja nyumbani mtaalamu wa usemi, dada mwembamba anayeitwa Igarashi, anayeegesha kigari chake cheupe kwa uangalifu utadhani kina yai ndani. Siku ya kwanza alimwekea mzee kadi mezani, kila moja na alama yake, akamwonyesha picha ya mbwa. Mzee akaweka kidole kwenye alama ya mbwa bila kusita. Picha ya maji, kidole kwenye maji. Kisha akaondoa zile kadi akaweka nyingine, maneno yaleyale ila yameandikwa kwa herufi za sauti, zile ambazo hata mimi ningezisoma. Mzee akakodoa, akaangalia dirishani, akasema, "Hicho."

"Huwatokea baadhi ya wagonjwa," Igarashi akaniambia. "Njia ya sauti imekatika. Njia ya maana bado inapitika. Mama Honma, wewe ndiye unayeshinda naye. Mwandikie kwa alama."

"Dada Igarashi," nikasema, "mimi najua zile asizozijua yeye. Zile anazozijua yeye, mimi sizijui."

Akaniangalia mimi, akamwangalia mzee. "Basi mnakamilishana."

"Hatukamilishani. Tumepishana."

Akacheka akiwa ameziba mdomo, lakini alikuwa amenielewa. Siku iliyofuata nikatoa kamusi ya Shunji ya shule ya msingi kwenye boksi la juu ya kabati. Pembeni mwa kila ukurasa alikuwa amechora mende. Nikakata mapakiti ya maziwa kutengeneza kadi, nikaanza darasa la kwanza.

Sasa niingie kwenye alama yenyewe. Siku moja mzee alishika kalamu ya brashi kwa mkono wa kushoto, na bila kuambiwa na mtu, akaandika hii:

手

Kalamu inagusa karatasi mara nne. Kwanza kijistari kifupi juu, kimeinama. Halafu miwili ya kulala. Halafu mmoja wa kusimama unaoikata yote na kujipinda mwishoni kama ndoana. Ukiitazama vizuri unaona kiganja na vidole vimetanuka. Ukiitazama zaidi ya hapo unaona antena ya televisheni. Maana yake ni mkono.

Tulifurahi vibaya mno. Tukadhani mkono unamuuma. Shunji akamkanda ule uliolala, mimi nikaleta taulo la maji moto. Mzee akautoa mkono wake kwa nguvu, akaandika tena mkono, mkubwa zaidi. Tukampeleka kwa daktari, daktari akaubinya huku na kule, akasema hauna shida mpya. Mzee akaandika mkono, safari hii mpaka karatasi ikatoboka.

"Unaona?" Shunji akasema. "Anarudia tu, kama ile hicho yake."

Mimi nikajiuliza, je, kama hajamaliza neno? Maana Igarashi alikuwa ameniambia kwamba alama hizi hupenda kutembea mbili mbili, na moja ikipata mwenzake, maana inahama. Nikafungua kamusi yenye mende kwenye mkono, na dada, hapo ndipo nilipotekwa. Mfuko wa mkono ni glavu. Karatasi ya mkono ni barua, kama hii unayoisoma. Kata ukiunganisha na mkono, unapata stempu, na hakuna mtu hapa aliyeweza kunieleza kwa nini. Imba na mkono ni mwimbaji. Dereva naye ana mkono mwishoni mwa jina lake, kana kwamba kila mwenye kazi ni mkono wa kazi hiyo. Operesheni ya hospitali ina mkono. Nilikuwa nimesimama jikoni nasoma, wali ukaungua.

Nilimweleza Igarashi kwamba hata sisi tunayo hayo. Nikamwambia mchoyo kwetu ana mkono wa birika, na kuna ndizi inaitwa mkono wa tembo, na aliyefiwa hupewa mkono wa pole. Akaandika yote. Akauliza birika linahusika vipi na uchoyo. Nikashindwa. Kama unajua, niandikie, maana nimeahidi jibu.

Basi kila asubuhi, tukishamaliza chai, nikawa namwekea mzee mkono katikati ya meza na kumletea wenzake mmoja mmoja. Mfuko: akausukuma. Karatasi: akaisukuma. Kata: akaniangalia kama nimerukwa na akili. Hata hivyo nilimletea stempu, na glavu za theluji nilizitoa kwenye sanduku wakati nje jua linaunguza. Jirani alituona kwenye kibaraza, mzee amevaa glavu za sufu mwezi wa sita, akapita bila kusalimia.

Siku moja kitabu cha sungura kilinifundisha alama ya kuingia. Ni rahisi, miguu miwili iliyoegemeana, kama paa lisilo na nyumba. Niliiandika kwa ajili ya zoezi langu mwenyewe, kadi ikawa imelala karibu na ile ya mkono. Mzee akapiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaruka. Akaivuta ile kadi ya kuingia, akaibana na ya mkono, akaniangalia. "Hicho," akasema, na kwa mara ya kwanza lile neno lilikuwa mahali pake.

Mkono na kuingia. Nikapekua kamusi. Ingiza mkono: kutunza, kushughulikia kitu kisiharibike.

"Baba, kuna kitu kinaharibika?"

Akafumba macho, akafumbua.

Nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Nikamwonyesha ua la michongoma, akatikisa kichwa. Nikamwonyesha mlango wa karakana yake, ambao haukuwa umefunguliwa tangu alipoanguka, na kidevu chake kikaelekea huko kabla sijauliza. Nikadhani ni sindano zake za kushonea, zimeshika kutu. Nikamfungulia. Kulikuwa na harufu ya nyasi kavu, na chini ya harufu hiyo nyingine, chachu, ya kukunja pua. Kwenye kona ya upande usiopata jua kulikuwa na ndoo ya enameli iliyofunikwa ubao. Nikainua ubao, nikarudi nyuma hatua mbili.

Ni pumba za mchele, dada, zilizotiwa chumvi na maji mpaka zikawa kama udongo wa kufinyangia. Humo ndimo wanamozika matango na figili jioni, na asubuhi wanafukua mboga tamu yenye uchachu. Lakini pumba zile ni kitu hai. Lazima zigeuzwe kwa mkono kila siku, mkono mtupu, mpaka chini kabisa, la sivyo zinaoza. Hii ilikuwa ya marehemu mama mkwe, ambaye alipewa na mama yake alipokuwa bibi harusi. Alipofariki, mzee ndiye aliyeishika. Mimi hakuniruhusu hata kuifunika. Alikuwa anasema pumba zinazoea mkono wa mtu mmoja, na wakati wa mapumziko ya kazi ungemkuta ameinama pale, mkono mmoja ndani mpaka kwenye kiwiko, sigara mkono wa pili. Alipolazwa, sisi sote tuliisahau. Yeye amelala hospitalini miezi hiyo yote akiijua inakufa, na hana njia ya kutuambia.

Juu palikuwa na utando mweusi na ukungu wa kijivu kama manyoya ya panya. Shunji alipotoka kazini akachungulia.

"Tupa," akasema kwa sauti ya chini. "Imeshaoza. Mama alikuwa nayo kabla mimi sijazaliwa, na tumeiua. Tupa, asiione zaidi."

"Ameshaiona. Ndiye aliyenileta."

Nikampigia wifi yangu Chizuru, dada yake Shunji, anayekaa Sendai. Wewe hujawahi kuonana naye. Ni mwanamke mwenye haraka, hata "habari za asubuhi" anaisema akiwa ameshageuka. Lakini alikulia jikoni kwa mama yake.

"Usiitupe," akasema. "Toa ya juu yote, usiionee huruma, mpaka ufike penye rangi ya asali. Nusa. Ikinuka kama bia, iko hai. Ikinuka kama soksi, niambie."

Nikachota na kuchota. Karibu na nusu ya ndoo rangi ikageuka. Nikanusa. "Inanuka kama bia iliyolala."

"Basi iko hai. Tia pumba mpya, chumvi nyingi, na haradali kavu. Zika majani ya kabichi, kesho yatupe, uzike mengine. Utatupa kabichi mpaka majirani wakusengenye." Halafu, kwa sauti ileile ya mapishi, akasema, "Wifi, kuna makao ya wazee huku karibu na kwangu. Mwezi wa kumi watakuwa na chumba. Nikija sikukuu ya Obon kusafisha kaburi la mama tutazungumza. Shunji anajua. Wewe umeshachoka, na baba hajui hata yuko wapi."

Nilikata simu nikiwa na pumba mpaka kwenye nywele. Shunji alikuwa anajua na hakuniambia. Tulikosana usiku huo, sitakuandikia maneno yake, lakini mwishowe aliniuliza, "Ukianguka na wewe, Tuse, nitafanya nini?" na hapo nikaona kwamba kilichokuwa kinamsumbua ni woga.

Nikaendelea na pumba zangu na kadi zangu. Kila asubuhi mzee alikuwa anakaa pembeni ya ndoo kwenye kiti chake kama msimamizi wa barabara, mimi nimepiga magoti. Mwezi wa saba tulithubutu kuzika tango la kwanza la kuliwa. Nikalikata vipande vyembamba, nikamwekea. Akatafuna, akaangalia dari, akatafuna tena. Akaomba kalamu kwa vidole. Akaandika alama mbili, chini, na mkono.

Zote nilikuwa nazijua. Nilijivunia sana, nikasoma mwenyewe bila kamusi: chini, mkono. Mkono uende chini. Kumbe sigeuzi vya kutosha. Kesho yake nikakunja mkono wa blauzi mpaka begani, nikachimba mpaka nikagusa enameli, nikaleta ya chini juu, jasho linanitoka. Tango la pili: mzee akatafuna, akaandika tena, chini, mkono. Nikachimba zaidi. Tango la tatu, akaandika vilevile na kuchora mstari chini yake.

Igarashi alipokuja nikamwonyesha kwa furaha. "Ananifundisha," nikasema. "Anataka nizamishe mkono chini zaidi, na kweli utamu umeanza kubadilika."

Igarashi akaisoma ile karatasi, akaziba mdomo, mabega yakaanza kumtetemeka. "Mama Honma, hizi mbili zikikaa pamoja hazisomwi hivyo. Zinasomwa heta. Maana yake, hujui kazi."

Nikamgeukia mzee. "Baba, kumbe wiki nzima unanitukana?"

Akashusha kidevu, na kitu kikamtoka kifuani, kama mlango uliokaa bila mafuta. Alikuwa anacheka. Tangu mwezi wa pili hatukuwa tumesikia sauti hiyo katika nyumba hii. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na pumba mkononi. Igarashi aliniambia kwamba kinyume chake ni mkono wa juu, yaani fundi. Hilo mpaka leo mzee hajaniandikia.

Shunji aliporudi nilimsimulia. Alikuwa bado amevaa buti za kazini, amesimama mlangoni.

"Amekuandikia hivyo? Yeye mwenyewe?"

"Mara tatu. Na mstari chini."

Akakaa pale kizingitini akaanza kufungua kamba za buti, akazifungua, akazifunga, akazifungua tena. "Basi yupo," akasema. Halafu akaenda kukaa karibu na baba yake, kitu ambacho alikuwa hakifanyi siku hizo, akala matango yaliyobaki yote. Akasema yana chumvi mno. Mzee akamwonyesha kwa kidole ile karatasi, kisha akanionyesha mimi.

Chizuru alikuja Obon, katikati ya mwezi wa nane, na vijitabu vya yale makao vyenye picha za vizee vinavyotabasamu. Tulisafisha kaburi, tukawasha ubani, tukarudi tukala. Alipoonja figili akaacha kutafuna, akanitazama, akameza. Hakuisifu. Aliongeza nyingine, akaongeza nyingine. Baada ya chakula akafungua vijitabu vyake juu ya meza, mzee akiwa palepale.

"Nimeona kadi zenu," akasema. "Nashukuru, wifi, kwa moyo wote. Lakini tuambiane ukweli. Anajua mbwa na maji. Mimi nimeingia jana, ameniita hicho. Baba hajui hata jina langu."

Nilitaka kusema kitu, lakini mzee alikuwa ameshaivuta kalamu. Akaandika elfu, mistari mitatu tu. Kisha akaanza alama ya pili, na hiyo, dada, ni msitu wa mistari. Ni ndege mrefu wa majini, korongo. Jina la Chizuru ni korongo elfu, na huyo korongo peke yake anataka kalamu iguse karatasi zaidi ya mara ishirini. Kwa mkono wa kushoto, wa mzee aliyepooza. Brashi ilipanda, ikashuka, ikateleza, akarudi. Katikati akasimama, akakunja uso. Alikuwa amesahau vijistari vya miguu ya ndege.

Chizuru akanyoosha kidole. "Vinne hapo chini, baba," akasema. "Vinne. Wewe ndiye uliyenipa jina gumu namna hii. Kwenye mitihani wenzangu walikuwa wanafika swali la pili mimi bado naandika jina."

Mzee akaweka vile vinne. Chizuru aliangalia wino mpaka ukakauka, kisha akafunga vijitabu vyake, akaviweka kwenye mkoba, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Tulikubaliana hivi. Mzee anabaki hapa. Siku mbili kwa wiki anakwenda kituo cha mchana kufanya mazoezi, ili mimi nirudi kwenye kazi niliyoiacha, ya kupanga vyakula vya kuuza kwenye maboksi, na Chizuru atakuja kila mwezi. Mzee tulimuuliza kwa kadi, na nyumbani ndipo alipoweka kidole. Shunji aliihamisha kadi upande wa pili akauliza tena, kuhakikisha. Kidole kikaifuata, kwa dharau.

Nimalizie na la mwishoni mwa mwezi wa nane, maana ndilo lililonifanya nikae chini kukuandikia.

Manispaa ilimtuma mtu wa kupima mzee anahitaji msaada kiasi gani. Kijana mwenye heshima, lakini alikuwa anamsemesha mzee kwa sauti ya juu utadhani yuko ng'ambo ya mto. Nilimwandikia mzee maswali kwa alama, naye akajibu kwa brashi. Huu ni mwezi wa ngapi? Akaandika nane. Hapa ni wapi? Nyumba. Kijana akawa anaweka alama zake kwenye karatasi, anatikisa kichwa kwa mshangao.

Kisha akanionyesha mimi. "Na huyu mama, ni nani kwako?"

Mzee akaanza kuandika. Upande wa kushoto akaandika mwanamke, na nikajua kinachokuja. Kuna alama ya mwanamke aliyeegemezwa nyumba, ndiyo mkamwana, mke wa mtoto wako. Hiyo naijua kuliko zote, ndivyo nilivyoandikwa kila mahali. Lakini upande wa kulia hakuandika nyumba. Aliandika kitu kingine, ambacho sikukijua.

Yule kijana akainama akasoma. "Ah," akasema kwa upole, "hapa amechanganya kidogo." Akaweka alama ya kosa.

Shunji alikuwa amekaa nyuma yangu. Akanyanyuka, akaja akasoma kwa juu ya bega langu.

"Hajachanganya," akasema.

"Samahani, bwana Honma, mimi natakiwa kujaza uhusiano wao."

"Ndio huo. Andika alivyoandika."

Kijana akanitazama mimi, mweusi, nimefunga kilemba changu cha kitenge, akamtazama mzee, ambaye alikuwa ameshamaliza na sisi na anatafuta kikombe chake cha chai. Akafuta ile alama ya kosa.

Sikumuuliza mtu. Nilisubiri wageni waondoke, nikaenda na kamusi jikoni. Mwanamke, na upande wake wa kulia, nzuri. Nikaifuata mpaka kwenye ukurasa wake, chini kidogo ya mende wawili wa Shunji, na maana yake ilikuwa neno moja tu. Nakuchorea hapa, dada, na umwonyeshe mama, umwambie inasomwa musume:

娘

Binti.

Nisalimie mama, mwambie mkungu aubebe mwingine. Nisalimie shemeji Ambokile, Tumpe mwenye mdomo, na mama Atupakisye wa jirani, mwambie mbegu zake za maboga zimeota hapa na zimevuka ukuta. Shunji anawasalimu wote. Mungu awafunike nyote na kuwafikisha kwenye mavuno mkiwa wazima.

Ni mimi, mdogo wako anayekupenda kutoka huku mbali,

Tusekile